Dorine na Samaki Asiyechafua Kidole

Kabla chai haijachemka katika nyumba nyingi za Gatongora, mtaa wa Ruiru, Dorine Aketch amekwisha kuwang'atisha samaki ishirini mikia yao wenyewe. Anamshika kambare kichwani, anamkunja kama ngata ya kubebea ndoo, anamtia mkia mdomoni kisha anaupitishia kijiti chembamba. Kambare anabaki hivyo hivyo, duara, kama mtu aliyejishangaa.

"Ukimwacha amenyooka atavunjika akikauka," anasema bila kuinua macho. "Huyu sasa hata umrushe kwa ukuta, anarudi mzima."

Anacheka. Dorine hucheka sana, na hucheka kwa sauti, hata majirani wa ploti ya pili wanajua ameamka. Ana umri wa miaka thelathini na tisa. Leso kiunoni, gambuti miguuni, mikono inateleza kwa utelezi wa samaki.

Nyuma yake kuna kitu cha mabati kilichosimama urefu wa mtu mzima. Ukikitazama haraka utadhani ni kabati la nguo lililopotea njia. Kando yake, hatua chache, kuna kijumba kidogo cha matofali ambamo moto unawaka polepole, na kati ya hivyo viwili limepita bomba linalobeba moshi. Hili ndilo jiko lake la kukaushia samaki. Moshi wake ni mwembamba na haumwashi mtu macho.

Anafungua mlango wa kabati. Samaki wa jana wamening'inia safu kwa safu, rangi yao ni ya mandazi yaliyoiva vizuri. Anamchomoa mmoja na kumletea mwandishi wa makala haya aliyeketi kwenye benchi la buluu.

"Haya, mpanguse na kidole gumba. Usiogope."

Mwandishi anapangusa. Kidole kinatoka kama kilivyoingia, isipokuwa kimepata mafuta kidogo na harufu ya kumfanya mtu akumbuke kwamba hajala.

"Kiko safi, si ndiyo?" anauliza Dorine. "Hicho kidole safi ndicho karibu kinifungie biashara."

Mkaushaji samaki kuponzwa na usafi ni jambo la ajabu, na ili kulielewa ni lazima kwanza umjue Dani Idah.

Dani Idah ni mama mkwe wa Dorine. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na ndivyo wajukuu wanavyomwita, ndivyo na wengine wote walivyofuata. Anaishi Usenge, kando ya Ziwa Victoria, na amekausha samaki tangu alipokuwa msichana. Dorine alipoolewa na Calvince, mwanawe wa pili, alitua mikononi mwa mama huyo kabla ya kuja Ruiru. Dani Idah hakumwita Dorine kwa jina. Alimwita nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa. Humwita hivyo mpaka leo.

"Alinifundisha kila kitu," asema Dorine. "Kupasua, kuosha na chumvi, kukunja, kugeuza. Na kidole."

Kidole ni desturi ya wanunuzi wa huko. Mtu hamwulizi muuzaji maneno mengi. Anampitishia samaki kidole gumba, kisha anakitazama. Kikitoka cheusi, samaki ameshiba moshi, atasafiri mpaka Mombasa na asioze. Kikitoka safi, samaki huyo amekaushwa na mvivu.

Wanandoa hao walipohamia Ruiru, Calvince akapata kazi ya udereva wa foklifti katika kiwanda kimoja mjini Thika. Dorine akakata pipa, akatandika wavu juu, akaanza kukausha samaki uani. Wateja wake wengi walikuwa watu wa magharibi mwa Kenya waliokuja kutafuta kazi kama yeye, wa Gatongora na wa Mwiki. Walikuja na vidole vyao.

Ila Ruiru kuni ni ghali, na makaa hayatoi moshi wa maana. Samaki walitoka wamepauka. "Mtu anapangusa, anaangalia kidole, ananiambia, Mama Mitchell, huyu alipita tu karibu na moto?" asema Dorine, ambaye majirani humwita kwa jina la kifungua mimba wake. "Nilikuwa naona aibu. Nikisema nimefundishwa Usenge, watu wanacheka."

Calvince akamhurumia mkewe. Kiwandani kwao kulikuwa na paleti mbovu, zile fremu za mbao zinazobeba mizigo, ambazo zilitupwa nyuma ya stoo zikioza. Aliomba akaruhusiwa kuzichukua. Kila Ijumaa rafiki mwenye pikapu alizileta Gatongora, nyingine zikiwa zimepakwa rangi ya buluu.

Zilikuwa kuni za ajabu. Kazi ambayo Dani Idah aliifanya kutwa nzima, paleti ziliimaliza kwa saa mbili. Dorine alifunika pipa kwa maboksi yaliyolowa, moshi mzito ukavimba, na samaki wakatoka weusi kama masufuria ya msibani. Vidole vikachafuka. Wateja wakafurika. Watu walitoka Thika kuja kutafuta "nyeusi ya Mama Mitchell." Siku nzuri aliuza samaki arobaini.

"Nilikuwa na madoido," anakiri. "Mtu akininunulia, namwambia, pangusa kwanza! Nilitaka waone."

Mambo yalikwenda hivyo hadi siku ya mvua mwaka juzi, alipoingia msichana mpole aliyebeba kisanduku cha barafu. Alijitambulisha kuwa ni Mwelu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula katika chuo kikuu kimoja cha ukanda wa Thika. Alinunua samaki wawili, kisha akaomba ruhusa ya kuwapima.

"Nikamwambia, wewe umelipa, ni wako," asema Dorine. "Hata ukitaka kumpeleka kanisani, mpeleke."

Mwelu alitokea Matuu, mashariki mwa Thika, mahali ambapo samaki si chakula cha kila siku. "Mimi ni Mkamba, samaki nilikuwa naona kwa kitabu tu," asema kwa tabasamu. "Nilinunua kwa wauzaji kumi na wawili. Kuwala sikuthubutu. Kazi yangu ilikuwa kupima moshi uliowashika."

Baada ya miezi mitatu alirudi. Angeweza kutuma ujumbe kwa simu, lakini alikuja mwenyewe, na mkate mkononi.

"Mtu akikuletea mkate siku ya wiki, jua kuna neno," asema Dorine.

Neno lilikuwepo. Kati ya wauzaji wote kumi na wawili, samaki wake ndio waliopatikana na kiwango kikubwa zaidi cha kemikali zinazotokana na moshi. Dorine alijaribu mzaha. Akasema basi nimekuwa namba moja. Mwelu akamjibu kwa upole, "Mama, hapa namba moja ni ya mwisho."

Mwelu anaeleza jambo hilo kwa lugha ambayo hata mwandishi huyu, aliyeikimbia kemia kidato cha pili, aliielewa. Kuni zikiungua vibaya, bila hewa ya kutosha, hutoa moshi mzito wenye kemikali nyingi ambazo wataalamu huzifupisha kwa herufi tatu, PAH. Mafuta ya samaki yakidondoka juu ya makaa, huungua na kuzalisha nyingine. Moshi unapopanda huzibeba na kuzibandika kwenye ngozi ya samaki, ndani ya yale masizi meusi. Baadhi yake zimehusishwa na saratani kwa mtu anayezila miaka nenda miaka rudi.

"Hakuna aliyezitia humo kwa ubaya," asema Mwelu. "Hazimo ndani ya samaki mbichi. Zinazaliwa jikoni, wakati wa kupika. Hata nyama choma ikiungua zinapatikana. Viazi na mkate vikiungua navyo hutoa kemikali ya aina nyingine. Lakini kwa Mama Mitchell kulikuwa na ile rangi ya paleti pia, na dawa za mbao. Hapo ndipo nilishtuka."

Dorine hakucheka siku hiyo. Alikuwa na beseni limejaa samaki weusi, na wateja walipokuja aliwaambia samaki wameisha, huku wote wakiliona beseni.

"Niliogopa. Nilimfikiria Mitchell wangu. Huyo mtoto anakula mumi kuliko ugali," asema, akitumia jina la Kijaluo la kambare. "Halafu nikawafikiria watu. Walikuwa wananiamini."

Calvince alizisikia habari hizo aliporudi kutoka kazini. "Nilijua nimeleta baraka hapa nyumbani," anasema mwanamume huyo mtaratibu, akitazama viatu vyake. "Kumbe nilikuwa naleta rangi."

Jioni ile ile aliziondoa paleti zote zilizobaki penye kuni. Akazigonga misumari, zikawa banda la kuku na benchi la wateja. Ndilo benchi la buluu alilokalia mwandishi huyu. Kuku, kwa taarifa ya Calvince, hawajalalamika.

Kilichofuata ni kujenga upya. Mwelu alileta mchoro aliosaidiwa na mwalimu wake: moto ukae kando, moshi upite kwenye bomba upoe, samaki waning'inie mbali na ndimi za moto, na chini yao liwepo sinia la bati lililoinama kidogo ili mafuta yatiririke nje. Dorine alitumia akiba yake yote pamoja na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, shilingi elfu thelathini na nane, akampa kazi Dismas, fundi wa mabati wa hapo Ruiru.

Dismas ni fundi hodari, ila siku hiyo aliliinamisha sinia upande wa bomba. Siku ya kwanza ya kuwasha, mafuta yalifuata mteremko, yakaingia kwenye bomba na kuteremka hadi motoni. Moto ukaruka. Walipofungua mlango walikuta samaki kumi waliogeuka makaa.

"Hata yule mteja wangu wa nyeusi kabisa, huyo angemkataa," asema Dorine, na hapo anacheka hadi anajishika ubavu. Dismas alirudi na nyundo, akalipindua sinia, na hakudai chochote. Hadi leo akipita barabarani Dorine humwita, "Fundi! Mteremko uko wapi?" Naye hunyoosha mkono nje ya ua.

Kuni alizipata bila kutarajia. Kati ya Gatongora na Membley, mashamba ya kahawa ya zamani yanaendelea kung'olewa ili nyumba zijengwe. Visiki hurundikwa pembeni, na wajenzi wanafurahi kumwona mtu akiviondoa. Mkahawa ni mti mgumu. Ukikauka sawasawa huwaka taratibu, na moshi wake ni haba na safi.

"Watu wanalia ati kahawa imeisha Ruiru," asema Dorine. "Mimi nainusa kila siku."

Samaki wa kwanza kutoka kwenye jiko lililonyooshwa walikwenda maabara pamoja na Mwelu. Majibu yaliporudi, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi sehemu ndogo tu ya kile cha kwanza. Dorine alicheza uani na gambuti zake. Alidhani shida imekwisha.

Kesho yake akapanga samaki wake wa rangi ya dhahabu mezani, akangoja. Mteja wa kwanza akaja, akapangusa, akatazama kidole. Akapangusa tena upande wa pili. Akarudisha samaki mezani polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Mama Mitchell," akasema, "huyu ana homa ya manjano?"

Jina likashika. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba samaki wa Mama Mitchell wana homa ya manjano. Dorine alieleza habari za moshi na mafuta mpaka sauti ikakauka. Walimjibu kwamba babu zao walikula nyeusi wakafikisha miaka tisini. Mwelu mwenyewe alikuja Jumapili moja akazungumza baada ya ibada. Waumini walimsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi, kisha wakapitia kwa muuzaji mwingine wakanunua nyeusi.

Kutoka samaki arobaini kwa siku, Dorine alishuka hadi tisa.

Mmoja wa waliomnunulia wakati huo ni Waweru, bawabu katika mtaa wa Membley. "Mimi ile nyeusi nilikuwa naogopa," asema. "Ilikuwa inakaa kama mkaa. Hii ya sasa nikaona, ai, hata mimi naweza kula. Nikapelekea bibi." Lakini Waweru ni mmoja na tumbo lake ni moja, na deni la chama lilikuwa linangoja.

Ushawishi wa kurudi nyuma ulikuwepo. Paleti bado zilikuwepo Thika, bure. Ingetosha kuwasha pipa kwa saa mbili, vidole vya wateja vichafuke, na kila mtu afurahi.

"Niliwaza, sitakudanganya," asema Dorine. "Nililiangalia hilo pipa nikaliambia, wewe usinitazame hivyo. Lakini mtu akishajua, amejua. Ningempaje mtoto wa mwenzangu kitu ambacho wangu simpi? Nikajiambia, Pasaka ikipita na watu hawajarudi, nauza haya mabati kwa kilo, naenda kutafuta kibarua."

Njia ilitoka kwa Nekesa, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, mkazi wa Mwiki mwenye sauti ya kuongoza kwaya na maoni kuhusu kila chakula. Yeye ndiye aliyeongoza pia kuhama kwa wateja.

"Mimi nilimwambia ukweli," asema Nekesa. "Nikamwambia, dada, haya mambo ya maabara sisi hatuoni. Lakini si una mama mkwe aliyekufundisha? Mlete. Huyo amekausha samaki kabla sisi tuzaliwe. Akila, tutakula. Akikataa, rudisha pipa."

Dorine hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kumshawishi Nekesa ni kazi. Kumshawishi Dani Idah, mama wa desturi ya kidole, ilionekana kama kumwomba kuku achague mwewe. Lakini Pasaka ilikuwa inakaribia, na Calvince akatuma nauli.

Dani Idah alifika Alhamisi Kuu, miaka sabini na mitatu, kitambaa cheupe kichwani. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu samaki wake mwenyewe, weusi ti, waliofungwa kwenye gazeti.

"Nimesikia mambo ya huku," alimwambia mwanawe mlangoni. "Nikasema nibebe yangu, nisife njaa kwa mtoto wangu."

Jumamosi akina mama wa kanisa walijaa uani. Wengine walikaa kwenye benchi la buluu, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mwelu pia alikuja akasimama karibu na banda la kuku. Dorine alimtoa samaki mmoja kabatini, akapiga goti kidogo kwa heshima, akampa mama mkwe.

Dani Idah alifanya kile ambacho kila mtu alijua atakifanya. Alimpitishia kidole gumba, akakiinua juani. Safi. Akamgeuza, akapangusa tumboni. Safi. Akamtazama Dorine.

"Nyasaye!" akasema, akimtaja Mungu kwa lugha yao. "Nyar Gem, umemwosha huyu na sabuni?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nekesa akatikisa kichwa. Dorine anasema wakati ule alianza kuhesabu moyoni mabati yatatoa kilo ngapi.

Ila kikongwe hakumrudisha samaki. Aliagiza maji ya moto na sufuria. Huko kwao samaki wa moshi hapikwi jinsi alivyo. Humwagiwa maji ya moto kwanza, akaachwa, na maji yakishakuwa meusi humwagwa, kisha yakawekwa mengine. Ndipo apikwe, na ngozi yake huvuliwa ikatupwa. Mjini watu wana haraka. Wengi wao, Dorine akiwemo, walikwisha kuiacha desturi hiyo na kubaki na kidole tu.

Dani Idah akamtumbukiza samaki sufuriani, akammiminia maji ya moto, akafunika. Wakangoja. Kisha akafunua, akaishika sufuria kwa leso mbili, akaiinamisha ili amwage kama alivyomwaga maisha yake yote.

Akasita.

Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Kitako cha sufuria kilionekana. Juu yalielea matone machache ya mafuta ya dhahabu, na harufu iliyopanda, kwa maneno ya Nekesa, "ingemfufua mtu kabla ya Jumapili yenyewe."

Kikongwe akainama, akanusa, akachovya kidole, akalamba.

"Sasa hapa," akauliza, "nimwage nini?"

Hakumwaga. Aliomba nyanya na kitunguu, akavitia humo humo, akarudisha sufuria motoni. Ugali ukasongwa. Akaketi, akanawa, akamega. Na mwisho, mbele ya mashahidi, Dani Idah akala ngozi.

"Ngozi!" asema Nekesa, akipiga viganja. "Mama ambaye tangu azaliwe anatupa ngozi! Hapo nikajua maneno yameisha. Sisi wengine tulivamia sufuria. Mimi nilipata kichwa tu, na hicho nilikipigania."

Alipoulizwa uamuzi wake, Dani Idah alijipangusa midomo kwanza. "Miaka yote nimekuwa namwaga yale maji," alisema. "Nilijua si ya kunywa, jina la kilichomo ndilo sikujua. Mumi ni mumi. Weusi ni wa sufuria."

Dorine alilia. Anasema wazi kwamba alilia, na kwamba haoni haya. "Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na ukweli," asema.

Mwelu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kuonja samaki yeyote aliyempima, alipewa mnofu wa mgongo na Dani Idah kwa mkono wake mwenyewe. Alikula. Akaomba tena. Kisha, mwanasayansi ni mwanasayansi, akaomba aruhusiwe kwenda kuwapima wale samaki weusi wa kikapuni.

"Lipa kwanza," Dani Idah akamwambia.

Siku hizi Dorine huuza samaki hamsini kwa siku ya kawaida na zaidi Jumamosi, kila mmoja kwa shilingi mia tatu na hamsini. Mkopo wa chama amekwisha kuulipa. Waweru amegeuka wakala asiye rasmi wa Membley, na Jumapili alasiri magari hupinda kona kuingia kwenye ua ambao zamani ulikimbiwa kwa moshi. Wauzaji wawili wa Mwiki wamemwajiri Dismas wajengewe kabati kama hilo. Dorine alikwenda mwenyewe kuhakikisha mteremko wa sinia.

Kidole hakijafa. Wateja bado wanapangusa, kisha wanakiinua kuonyeshana kwamba ni safi, kwa madoido yale yale ya zamani. Binadamu ni mgumu kuacha tabia, lakini ukimwachia tabia yake unaweza kumgeuzia maana.

Dani Idah alikaa wiki mbili. Siku ya kuondoka alikataa zawadi ya blanketi, akataka samaki. Dorine akamfungia kumi na tano katika boksi. Pale basi liliposimama Ruiru, kondakta alinusa boksi hilo akauliza limebeba nini.

"Samaki," akajibu kikongwe.

"Unatoa wapi, Mama?"

"Hapa Ruiru."

"Na unapeleka wapi?"

"Usenge. Ziwani."

Kondakta akamwita dereva ashuke asikie mwenyewe.

Na kumbe samaki wenyewe hawajawahi kuliona ziwa. Dorine huwanunua kwa Kilonzo, mkulima anayefuga kambare kwenye mabwawa upande wa Ngoliba, mashariki mwa Thika. "Nilipoambiwa samaki wangu wa maji ya kisima wamepanda basi kwenda Lake Victoria, nikajua nataniwa," asema Kilonzo kwa simu, akicheka. "Nikauliza, wameenda kutembelea jamaa?"

Mwandishi bado yuko kwenye benchi la buluu simu ya Dorine inapolia. Ni Dani Idah. Akiambiwa kwamba kuna mgeni wa gazeti, anahamia Kiswahili mara moja na kupandisha sauti.

"Nyar Gem! Wale samaki wameisha. Jirani wamekula, mchungaji amekula. Tuma wengine."

"Mama," asema Dorine, akimkonyezea mwandishi, "si wewe uko hapo kando ya ziwa?"

"Ziwa iko hapa, sawa," sauti inajibu. "Lakini jiko ndio iko kwako."

Dorine anaacha kucheka. Anamwambia mwandishi kwamba Desemba watoto wakifunga shule atapanda basi pamoja na Dismas na mabati ya kutosha makabati mawili, moja la Dani Idah na moja la akina mama wenzake wa ufuoni. Fedha ya bati ameanza kuiweka. Mwelu ameahidi kwenda nao na kisanduku chake cha barafu.

"Mama, Desemba jiko litakuwa kwako," anaiambia simu.

"Desemba ni mbali," inajibu simu. "Na mpaka hapo tule nini?"

Dorine anairudisha simu kwenye leso. Anamchukua kambare mwingine kwenye beseni, anamkunja, anamtia mkia mdomoni, na kumweka kando ya wenzake.

"Hawa ni wa kwenda ziwani," anasema.